Hivi ngoma za kwetu Pemba zinapigwa lini na wapi, mtu anajuaje?

KijanaWaWete

Asalaam aleykum wadau. Mie mtoto wa Wete, nimesoma Unguja nikakaa huko miaka kadhaa, sasa nimerudi nyumbani nafanya kazi hapa hapa. Kuna jambo linanikera. Mjini ukitaka mambo ya utamaduni hukosi, mwezi wa pili tamasha la muziki la Sauti za Busara, katikati ya mwaka lile la filamu, ZIFF, na hata ukiwa huna senti unapita zako Vuga jioni unawasikia Culture, wale wa klabu ya taarabu, wanafanya mazoezi, unasimama nje burudani bure. Huku kwetu kila nikiuliza jibu ni moja, "Pemba hakuna kitu". Wikiendi mpira, ukitoka mpira baraza, kahawa na bao, ukalale.

Lakini mbona utotoni nliviona? Nliwahi kupelekwa harusini upande wa Micheweni kukawa na kibati, watu wanatupiana maneno kwa kuimba papo kwa papo, huyu anachoma, yule anarudisha, na ngoma inakwenda mbio vile vile watu hoi kwa kucheka. Na msewe, wanaume wamefunga misewe miguuni ukisikia tu mlio wake unajua leo kuna jambo. Sasa hivi naenda harusini nakuta spika mbili ndefu kuliko bwana harusi na dijei anapiga singeli. Kilichonimaliza ni juzi nimeona klipu TikTok ya mchezo wa ng'ombe, hapa hapa kisiwani, kaiposti mzungu! Yaani mgeni kapajua, mimi wa Wete sikujua hata kama ulichezwa.

Sasa naomba kujua, mtu anapataje habari za mambo haya? Na la pili, nina wazo la kuanzisha usiku wa ngoma hapa Wete kila mwezi, tutafute kiwanja, jukwaa zuri, spika, taa, tiketi ndogo watu waweze, wasanii tuwalipe. Nianzie wapi? Na tafadhali msinijibu "kamuulize sheha" halafu basi.

mpenda_urojo

Kamuulize sheha 😂

bintiChwale

Waalaykumu salaam kaka'ngu. Kwanza hiyo ya "Pemba hakuna kitu" usiirudie mbele yangu. Kitu kipo, tatizo lako unakitafuta kwa kalenda ya ukutani na chenyewe kina kalenda yake.

Huo mchezo wa ng'ombe hakuna atakayekupa tarehe mwaka mzima kabla. Unachezwa watu washachuma karafuu, zishaanikwa zishauzwa, mkononi kuna pesa kidogo na masika hayajashuka. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili hivi, hapo ndo uwe na masikio. Chwale, Pujini, Kengeja, huko ndo kwenyewe. Habari inatoka siku chache kabla maana mpaka mwenye dume akubali, wapiga ngoma wapatikane, na mpiga zumari awepo, bila zumari hakuna mchezo hapo. Vikishatimia mtu wa gari anamwambia mtu wa gari mwenzake, mchana ule ule mpaka sokoni kwenu Wete wanajua. Wewe pengine umepita hapo na vifaa vyako vya masikio.

Na kwa wasiowahi kuona, si kama huko kwengine wanakoua ng'ombe. Dume linafungwa kamba, ngoma na zumari zinalipandisha mori, vijana wanalichokoza kwa nguo na likigeuka kila mtu anajua mwembe wake wa kupanda. Wanawake tuko pembeni na kanga zetu tunaimba, tunamsifu aliyesimama na aliyekimbia tunamtia kwenye wimbo hapo hapo, akirudi nyumbani wimbo ushafika. Jioni ng'ombe anarudi zizini mzima na mwenyewe anatembea kifua mbele wiki nzima. Wazee wanasema tumeachiwa na Wareno, wale ambao ngome yao ya Mombasa iliangushwa na Waomani 1698, wengine wanabisha wanasema ni wetu tangu zamani, mie siingii huko.

Kibati nacho kipo. Ila kinaalikwa, hakitangazwi. Baada ya Ramadhani, Mfunguo Mosi na Mfunguo Pili, harusi ni nyingi, tembea shamba utakutana nacho. Uliza nani anaoza, usiulize "tamasha liko wapi".

KijanaWaWete

Dada umenichapa lakini nimekubali 😅 ila hapo kwenye "kinaalikwa hakitangazwi" ndo penye tatizo langu mimi. Watoto wa Limbani na Jadida hapa hawana jamaa shamba wa kuwaalika, wataonea wapi? Wakikua hawajaona hawatataka kwenye harusi zao, na zamu yao ikifika watamwita dijei. Ndo maana nataka jukwaa.

fidla_ya_ngambo

Yakhe nimesoma nimeona niseme maana mimi nakula humo. Napiga fidla kwenye kidumbaki, ile taarabu ya kucheza harusini, huku Unguja, harusi za mitaa ya Ng'ambo na shamba.

Kuhusu dijei usimlaumu mwenye harusi, ni hesabu tu. Dijei anakuja yeye na kijana mmoja wa kubeba nyaya. Sisi tunakuja na fidla, sanduku la besi, ngoma ndogo za vidumbaki mbili, cherewa za kutikisa, vijiti vya mkwasa na mwimbaji, wote tufuatwe, tule, turudishwe usiku. Mtu akipiga mahesabu anaona bora spika. Lakini angalia kitu kimoja, kidumbaki hakijafa na sababu ni wanawake, wao ndo wanaotulazimisha tuitwe, maana dijei anaweza kupiga kila kitu isipokuwa kumwangalia anayecheza. Mwimbaji wetu anaunganisha nyimbo bila kupumua, anachukua taarabu za vikundi vya zamani, za Ikhwani Safaa, za Culture, tunazichapua, na akiona yule dada wa kanga ya njano kakolea hamtoi kwenye ule wimbo mpaka achoke mwenyewe. Akiona watu wamelegea anageuza. Hiyo yote inafanyika kwa macho, tuko nao hatua mbili.

Sasa ukitupandisha kwenye jukwaa lako zuri la taa, umetutenga nao. Nshapiga sana kwenye majukwaa, watu wanakaa kwenye viti wanapiga makofi wimbo ukiisha. Kidumbaki wimbo hauishi! Wanapiga makofi saa ngapi? Tunabaki kujikatakata ili watu wapate pa kupiga makofi, dakika tano tano, asante sana, anayefuata. Na anayetaka kututunza apande ngazi mbele ya umati aonekane na kila mtu, nani atapanda. Kutunzwa ndo nusu ya riziki yetu hapo, usichukulie mzaha.

Halafu unawataja Culture wa Vuga unaona mazoezi yao kama kitu kidogo cha bure. Hicho ndo kitu chenyewe. Ikhwani Safaa wapo tangu 1905, Culture tangu 1958. Zimepita tawala, mapinduzi, njaa, kanda, sidii, simu, wapo. Kilichowaweka si tamasha lolote, matamasha yamekuja juzi, Busara yenyewe imeanza 2004. Wana nyumba yao. Pana mlango, fidla zinalala humo, mtoto anakuja kuchungulia, akizoeleka anatumwa maji, mwisho anapewa cherewa ashike. Wewe Wete usiku mmoja kila mwezi na jukwaa la kukodi, siku ishirini na tisa zilizobaki vifaa viko wapi na mtoto anachungulia wapi?

Mie ningekuwa na pesa zako za jukwaa ningekodi chumba.

mpenda_urojo

siku ishirini na tisa zilizobaki nimeipenda hii

wa_kusini

Naunga mkono fidla ila sikubali moja kwa moja. Mimi wa Makunduchi, na kila mwezi wa saba mnakuja kwetu Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, na kamera zenu kwa hiyo naongea nikiwa na haki.

Mwaka Kogwa unatangazwa, unaandikwa kila mahali, wanakuja viongozi, wanakuja watalii kwa mabasi, kunawekwa mahema na vipaza sauti, yaani hilo jukwaa lako unalolitaka kwetu lipo. Mbona haujafa? Kwa sababu ukiondoa wageni wote unabaki vile vile. Wanaume wa kaskazini na wa kusini wanapigana kwa migomba, mwenye kinyongo cha mwaka mzima anakitoa hapo na kesho wanasalimiana. Wanawake wanazunguka wamependeza wanaimba wanayotaka kuyasema, na siku hiyo wanayasema kweli. Kibanda cha makuti kinachomwa, mtu yumo ndani anatoka mbio, watu wanaangalia moshi unaelekea wapi. Nyumbani kila mtu lazima apate mgeni wa kula naye, asiye na mgeni siku ya Mwaka huyo anahurumiwa. Kila mtu ana kazi. Mtoto ana kazi, bibi ana kazi, kijana mkorofi ana kazi nzuri kuliko wote.

Kwa hiyo kwangu mie tatizo si jukwaa wala tangazo. Tazama hiyo programu yako, wa Wete wana kazi gani usiku ule? Kulipa tiketi na kukaa? Basi hiyo ni sinema. Na kule mjini wana haki ya kufanya hivyo maana wanaokuja ni wageni kutoka nje, mgeni hana kazi ya kufanya zaidi ya kuangalia. Jamaa wa Jadida si mgeni.

KijanaWaWete

Nimekaa nimezisoma hizi mbili mara nyingi. Kwa hiyo mnaniambia nisifanye?

wa_kusini

Hakuna aliyesema hivyo bwana. Fanya, ila wape watu kazi.

AbuSumayya

Wa Wete mwenzio hapa. Niseme la upande mwengine na naomba nisipigwe mawe. Kila mkitaja utamaduni na sanaa mnataja ngoma na taarabu. Mbona husemi Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, hapa Wete na vijiji vyote hadi Konde kunakuwaje? Maulidi yanasomwa kila mtaa, watoto wa madrasa wanafanya mazoezi ya kaswida wiki nzima, sare zinashonwa, matari yanawambwa upya, kina mama wanapika, wageni wanatoka Unguja. Na maulidi ya homu, vijana wamepiga magoti safu moja na kanzu nyeupe wanayumba pamoja kwa pumzi moja, huwezi kuniambia hiyo si sanaa, wanaalikwa mpaka Ulaya kwa hiyo hiyo. Umeuliza utamaduni uko wapi Pemba, ulikuwa unaupita msikitini kila siku.

La pili ni nasaha tu. Ukianzisha usiku wako uangalie kiwanja kisiwe jirani na msikiti, na usianze kabla ya Ishaa kuisha, na Ramadhani usithubutu. Wapo wasiopenda ngoma kabisa, ukiwaheshimu kwenye hayo matatu wengi watakunyamazia. Usipowaheshimu utagombana na watu ambao wala si maadui zako.

KijanaWaWete

Sheikh wangu shukran, hakuna wa kukupiga mawe. Kaswida kweli sikuzihesabu na mdogo wangu mwenyewe yumo.

fidla_ya_ngambo

AbuSumayya umesema kweli. Waimbaji wengi wa taarabu ninaowajua mimi sauti zao zimelelewa chuoni, kwa Kurani na kaswida, ndo walikojifunza kubana pumzi na kutamka. Siti binti Saad mwenyewe anasifiwa kwa tajwidi. Mtoto wa Fumba huyo, shamba kabisa, kauza vyungu, na 1928 akapelekwa Bombay kurekodi sahani za santuri kabla ya mwanamke yeyote wa pwani hii. Kwa hiyo wanaosema vitu vinatoka mjini tu...

BiMkubwa_Mkoani

Wanangu hamjambo. Binti yangu kanionesha haya nikamwambia aniandikie.

Huyu kijana wa Wete nia yake nzuri, namuombea. Ila ajue si kila ngoma ni ya kila mtu. Kuna ngoma ya kuonesha na ngoma ya ndani. Msewe, kirumbizi cha fimbo, beni, hivyo viite kiwanjani watu waone. Ndege pia ya kuonesha, wanawake wamevaa sare wameshika miavuli wanakwenda mbele taratibu, hiyo inapendeza mchana. Lakini unyago usije ukatuletea kiwanjani. Bi Kidude, Mungu amrehemu, tulimuona mpaka majukwaani kafunga ngoma yake ya msondo anaipiga, kapiga mpaka umri ule na akafariki 2013 bado watu wanamtaka, ila ngoma ni ngoma na yanayofundwa mwari ni mengine. Vijana wa sasa mnachanganya, mnachukua simu mnarekodi kila mnachokiona.

Hilo la simu naliomba sana. Kuna harusi moja huku wanawake tulikuwa ndani, tumevua mabuibui tunacheza tumestarehe, kesho yake binti wa watu yuko kwenye simu za vijana wa maskani. Tangu siku hiyo wakubwa wengi huku kwetu wakisikia kuna kurekodi hawaendi, na wakubwa wasipokwenda hakuna wa kuanza wimbo. Ukitaka wanawake waje kwenye usiku wako fanya mchana, wapeni pahala pao, na simu zibaki mlangoni. Utaona wenyewe nyimbo zitakazotoka.

bintiChwale

Shikamoo bi mkubwa. Umesema nililokuwa nalizunguka. Na kibati ndo zaidi, maneno yake yanataja watu. Kwenye harusi yanasemwa wenyewe mpo mnajuana mnacheka, yakirekodiwa yakapelekwa kwenye grupu la WhatsApp la watu wasiojua utani ulianzia wapi, ni kesi kwa sheha.

mpenda_urojo

nlisema sheha tangu mwanzo hamkunisikia

mtu_wa_makaratasi

Nimeona hakuna aliyegusa vibali, na hapo ndo vijana wengi wanakwama, wanatangaza halafu siku ya siku wanazimiwa.

Ukitaka kufanya onyesho la hadhara, kikundi chako kiwe kimesajiliwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, hao wengi tunawaita BASSFU, na onyesho lenyewe liombewe kibali. Usiende kuomba kibali kwa jina lako wewe mtu mmoja. Ndugu zangu wa utani wanacheka lakini sheha ni kweli unaanza naye, yeye ndo anajua nani ana msiba mtaa ule wiki ile, kiwanja kina mgogoro au la, na barua yako ikipita kwake bila muhuri itarudi tu. Polisi nao wajue kama mnategemea watu wengi au mnakwenda usiku. Ukitumia uwanja wa skuli, mwalimu mkuu na kamati ya skuli, na usiahidi kusafisha kesho, safisha usiku ule ule maana asubuhi watoto wanaingia.

Mimi nshazungushwa na ofisi moja mpaka siku ya shughuli ikapita, njoo kesho njoo kesho kutwa, kisa barua haikuwa na orodha ya wasanii. Peleka karatasi zote kwa pamoja mapema. Wapo wanaosema harusi haina haja ya yote haya, ni kweli harusi ina wepesi wake, na hiyo ni sababu nyengine kwa nini ngoma zinakaa harusini.

Tangazo usitegemee simu peke yake. Wapigaji wenyewe wa ngoma unazozitaka ni watu wazima, TikTok hawaingii, wanasikiliza redio. Peleka redio jamii pale Micheweni, utashangaa nani atapiga simu.

KijanaWaWete

Wallahi nimepata zaidi ya nilichouliza. Ngoja niwaambie nilivyoligeuza wazo mniambie kama nimepotea.

Jukwaa nimelifuta. Tiketi nimeifuta. Jamaa yangu mmoja ana banda lililokuwa la duka karibu na soko, halina kitu, kasema tulipe umeme tu. Nataka liwe pahala pa mazoezi, mara moja kwa wiki baada ya Ishaa kwa vijana wa kiume, na Jumamosi alasiri kwa kina mama na mabinti, simu mlangoni kama alivyosema bi mkubwa. Watoto wa kaswida nao wakitaka walitumie Ijumaa. Sitaki nianze na ngoma kumi, nianze na kibati na msewe kwa sababu ndo vya kwetu. Mara moja moja zikikubali, tualikwe kwenye harusi kama zawadi, bila kumtoza mwenye harusi, atulishe tu na atupe usafiri, ili asiseme dijei ni rahisi. Tukizoeleka baadaye ndo tuzungumze bei.

Shida yangu iliyobaki ni wazee. Nimewapata wawili wa kibati, mmoja anasema kaacha ngoma kaenda Hija, haipigi tena, kasema niende nikamsikilize akinielezea lakini mkono hagusi. Wa pili yuko tayari ila ngoma zake zimetoboka.

fidla_ya_ngambo

Hapo sasa unaongea. Huyo aliyeacha usimlazimishe hata siku moja, kaa naye, mdomo wake una mapigo yote, wapigaji wanafundisha kwa mdomo kwanza, anatamka ngoma wewe unapiga kwenye meza. Wengi mimi nimewaona wanafundishwa hivyo. Huyo wa pili ngozi zibadilishwe, na usikimbilie ngoma za duka za watalii, zinapendeza ukutani hazitoi sauti. Ngozi ya mbuzi, iwambwe na yeye mwenyewe, vijana wako wakae wamshikie kamba. Somo la kwanza ni hilo.

Na mlipe. Hata kidogo, hata mchele. Msimfanye mzee wa watu afundishe kwa "kuenzi utamaduni".

wa_kusini

Mchango wangu, vijana wakorofi wa maskani uwaite mwanzo kabisa, usiwaache mpaka waje kuvuruga. Msewe unataka miguu na vifua, hao wanavyo.

AbuSumayya

Kama banda ni lile ninalolidhani karibu na soko, liko mbali ya kutosha na msikiti, nimeridhika. Madrasa yetu nitawauliza kuhusu Ijumaa, ila matari yetu hayachanganywi na ngoma, kabati letu tutalifunga kwa kufuli, mtatusamehe.

KijanaWaWete

Hilo halina neno ustadhi, funga na ufunguo weka wewe. Dada bintiChwale, nasikia mtakuwa na harusi huko mwezi ujao, naweza kuja na vijana wanne watano wakaone kibati kikipigwa kweli? Simu tutaziacha nyumbani.

bintiChwale

Njooni, ila si mie wa kuombwa, mwenye shughuli ni ami yangu. Mje siku ya kupeleka mpunga, mjitambulishe, msaidie kubeba masufuria na kufunga turubai, siku ya harusi hakuna atakayewauliza nyie nani. Vijana wako wasikae nyuma kama wageni, wakisikia kiitikio waitikie. Na mmoja wao ajiandae maana wakiona sura ngeni ya Wete lazima atatiwa kwenye wimbo, asikasirike, ajibu. Akishindwa kujibu nitamjibia mie ila itamgharimu.

mpenda_urojo

naja mimi nibebe masufuria. chakula kipo?

bintiChwale

Kipo. Pilau. Uje mapema.

mtu_wa_makaratasi

Kabla hamjaenda harusini kijana wa Wete andika majina ya waanzilishi wa kikundi na nafasi zao, mwenyekiti, katibu, mshika fedha, na mshika fedha awe mama mmoja wa mtaani, mtanishukuru. Nitumie nikutazamie barua kabla hujaipeleka.